Mdaa wa Mtongwe, Maji Moto ya Bogoria

Kwa shangazi yangu, Mtongwe, Likoni, sufuria ya rangi haiingii jikoni. Hukaa uani juu ya mafiga matatu, maana rangi na mchuzi, asema, havichangii mwiko. Siku aliyonifundisha kutia ukindu rangi alikuwa na pakiti mbili za unga wa dukani, moja nyekundu na moja ya zambarau. Maji yalipochemka alimimina unga, akatupa chumvi kiasi cha kiganja, akazamisha mafungu ya ukindu aliyoyafunga kwa uzi. Baada ya robo saa hivi akayatoa kwa kijiti, yakidondosha matone mekundu mchangani, akayaanika kwenye kamba ya nguo yapigwe na upepo wa bahari.

Halafu akaingia ndani akatoka na kipande cha mkeka wa mamake. Kilikuwa kimeliwa pembeni, lakini mistari yake myeusi ilikuwa bado imekoza.

"Huu ni mdaa," akaniambia. "Ni mizizi. Hutwangwa, ikachemshwa pamoja na ukindu, ukalazwa humo usiku kucha. Mkeka huu umefuliwa tangu wewe hujazaliwa, na haujachuja."

Mkeka wake mpya huchuja. Mgeni akiuketia na kanzu nyeupe siku ya jasho, huinuka na mstari mwekundu nyuma.

Uani ule hunijia kila ninaposoma habari za kazi inayofanywa siku hizi katika maabara za mbali: kuwachukua bakteria wa chemchemi za maji moto, kuwapachika jeni za kutengeneza rangi, na kuwafuga katika matangi ya nyuzi joto 60 au 70 ili watoe rangi asilia za kutia katika chakula, nguo na vipodozi. Wengi wakiisikia husema ni mambo ya Wazungu na mashine zao. Mimi naona kazi hii ina undugu na sufuria ya shangazi, na undugu huo una haki na madai yake. Ndiyo maana nataka kuiweka kando ya mila nyingine za kupika rangi, za kwetu na za wenzetu, tuone inafanana na ipi.

Tuanze na lugha. Ukiacha nyeupe, nyeusi na nyekundu, ambazo zina mashina ya Kibantu, Kiswahili huita rangi kwa jina la kitu kinachoibeba. Manjano ni ile bizari. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, waridi ni ua, samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Nyekundu iliyoiva mno tunaiita damu ya mzee. Neno rangi lenyewe lilipanda jahazi kutoka Uajemi, na zingefuri vilevile: huko lilikuwa jina la jiwe jekundu la zebaki, na lilipofika pwani yetu likahamia kwenye mti, mzingefuri, ambao Kwale na Mombasa leo tunauita mrangi au biksa. Mswahili hataji rangi bila kutaja ilikotoka. Ni buluu tu, neno la juzi, lililoingia bila mmea wala udongo nyuma yake. Mbele yake kulikuwa na nili, na nili ni mti.

Nyuma ya kila jina kuna kazi. Gome la mkoko, mti unaokua hadi leo kwenye matope ya Mikindani na Port Reitz chini ya Changamwe, hutoa wekundu wa matofali. Gome la mkasiri lilitiwa kwenye nyavu na mishipi ya wavuvi zikawa nyeusi. Hina hutaka unga wa majani, ndimu na subira: uchachu wa ndimu huitoa rangi kwenye jani, na joto la mwili wa bibi harusi huisukuma ikashika kwenye ngozi na kucha. Ndiyo maana mwenye hina husisitiziwa asinawe mapema.

Piko ndiyo iliyoharibika. Ya siku hizi mara nyingi ni dawa ya kutia nywele weusi, inayochorwa kwenye ngozi kwa sababu hukoza kwa dakika chache. Kisauni niliuona mkono wa bibi harusi siku ya tatu baada ya arusi, malengelenge yamefuata mchoro sawasawa, ua na majani yake, kana kwamba limechorwa kwa kaa la moto. Weusi usiounguza ngozi ni haja ya watu halisi, na wengi wao wanaishi mtaani kwangu.

Sasa nili, ambayo ndiyo kitovu cha hoja yangu. Nili ina ukaidi wake: haiyeyuki katika maji. Ukiikoroga huelea au hutuama, na uzi ukiutumbukiza hutoka ulivyoingia. Ili ikubali kuingia kwenye uzi ni lazima kwanza ivuliwe ubuluu wake, iwe manjano yenye kijani, ndipo iyeyuke. Kisha kitambaa kikitolewa nje na kupigwa na hewa, ubuluu hurudi mbele ya macho yako. Watu wa mbali waliigundua njia hii kila mmoja kwao. Kano, Nigeria, kuna visima vya rangi vya Kofar Mata vinavyosemekana kuchimbwa mwaka 1498, na watu wangali wakitia nguo rangi pale. Tokushima, Japani, majani ya nili hurundikwa yakaoza kwa muda wa siku 100 hivi, kisha yakatiwa kwenye pipa pamoja na maji ya majivu na pumba za ngano. Oman ya ndani nayo ilikuwa na mafundi wake. Kaniki walizovaa bibi zetu, zile za samawati iliyokoza hadi kukaribia weusi, ni za ukoo huo, na zilifika kwetu kwa biashara ya Bahari ya Hindi.

Fundi wa nili hunusa pipa. Hutazama povu lake, huonja maji kwa ncha ya ulimi, hulifunika likipata baridi, huliongezea pumba likidhoofika. Katika mila hizi pipa husemwa kama kiumbe: lina njaa, limechoka, limekufa. Na wako sahihi kuliko walivyojua. Mwaka 2004 watafiti wa Japani, Yumoto na wenzake, walieleza aina mpya ya bakteria waliyoitoa katika maji ya nili yaliyochachuka, wakaiita Alkalibacterium psychrotolerans. Ni yeye na jamaa zake wanaoivua nili ubuluu. Pumba ni chakula chao. Majivu ni kwa sababu wanapenda maji makali, maji ya magadi, kama yale magadi tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Kwa hiyo Kano na Tokushima watu wamekuwa wakifuga bakteria wa rangi kwa mamia ya miaka, wakiwalisha na kuwafunika, bila kuwahi kuwaona kwa macho.

Shikeni neno hilo magadi, nitalirudia.

Mila ya pili ni ya kemia, na umri wake tunaujua. Mwaka 1856, London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alikuwa akitafuta kwinini ya kutibu malaria, akapata uchafu wa zambarau uliogeuka kuwa rangi ya kwanza ya kiwandani. Mwaka 1880 Mjerumani Adolf von Baeyer akaweza kuitengeneza nili bila mmea, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ikaanza kuiuza. Mashamba ya nili ya India yakaanguka. Pwani yetu nayo iliguswa, ingawa ni wachache wanaokumbuka: karne ya 19 Zanzibar ilikuwa ikipeleka Ulaya marere, ile kuvu ya kijivu inayoota kwenye miti ya pwani, ambayo ikivundishwa hutoa zambarau. Biashara ile ilikufa. Leo ukimtajia kijana wa Likoni neno marere, atakuuliza ni mtaa gani.

Lakini sitaki kudanganya kwamba rangi ya shamba ilikuwa pepo. Wakulima wa Bengal waliinuka mwaka 1859 kwa sababu walilazimishwa kulima nili kwa mikopo isiyolipika, mahali ambapo wangepanda mpunga wakala. Mmea ulikuwa wa asili kabisa, na dhuluma nayo ilikuwa ya asili ya wakati ule. Kila anayeniambia leo kwamba rangi fulani ni asilia, namuuliza swali la pili: asili yake kwa nani?

Mila ya tatu, ya jeni, ilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1983 Burt Ensley na wenzake Marekani walichukua jeni za bakteria wa udongoni, wakazitia katika E. koli, yule bakteria wa tumboni, wakaona chombo chao kinageuka buluu. Ilikuwa nili. Miaka 20 baadaye, 2003, Strasbourg, Ufaransa, Florence Bouvier, Odette Dogbo na Bilal Camara walitoa jeni tatu za mzingefuri wakazipachika katika E. koli aliyekwisha kuandaliwa kutengeneza wekundu wa nyanya. Bakteria wakatoa biksini, rangi ileile iliyo kwenye mbegu za biksa.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nawaza Kwale. Vuka feri, shika barabara ya Likoni uingie kusini, ukate kwenda Shimba Hills au Lunga Lunga; utaona miti mifupi yenye vitumba vyekundu vya manyoya. Pasua kimoja kwa kidole gumba: ndani kuna mbegu kama tembe, zimevaa utando mwekundu wa mafuta unaoshika mkononi hadi jioni. Utando huo ndio unaoipa rangi siagi na jibini Ulaya na Marekani. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazotoa biksa nyingi duniani, pamoja na Peru na Brazili, na biksa ya Kenya ni ya pwani. Mti wenyewe asili yake ni Amerika ya joto. Wanaume wa Tsáchila, Ekuador, huupaka utando huo kwenye nywele zikasimama kama kofia nyekundu. Zanzibar watoto wa mashamba ya viungo huupaka midomoni wakicheka mbele ya watalii. Na mkulima wa Kwale huuza mbegu kwa kilo, akilalamika mwaka baada ya mwaka kwamba bei ni duni na wanunuzi hawatoshi hata achague.

Anahitaji kujua kwamba jeni za mti wake ziliwahi kutoa rangi ndani ya chombo cha glasi. Haimaanishi kesho shamba litakufa. Tangi la kutoa biksini kwa bei ya kuishinda mbegu ni kazi ngumu. Lakini wakulima wa nili wa India hawakuambiwa lolote kati ya 1880 na 1897, nao walikuwa na miaka 17 ya kujiandaa.

Kwa nini basi bakteria wapenda joto, na si E. koli tu? Muulize mama muuza uji wa asubuhi Changamwe, pale wafanyakazi wa viwandani wanaposhukia matatu. Uji ukiwa moto kwenye chupa haumdhuru mtu na hauingiliki. Ukipoa, wadudu wa hewani wanaingia na jioni umechacha. Tangi la E. koli la nyuzi 37 ni uji uliopoa: kila bakteria mpotevu aliye hewani anautamani. Tangi la nyuzi 65 linajilinda lenyewe, kwa kuwa wageni wengi hufa mlangoni. Tena, bakteria wakila hutoa joto jingi, na tangi kubwa la nyuzi 37 lazima lipozwe mchana na usiku. Hapa ndipo Mombasa inapoingia. Maji ya bomba kwetu, yanapokuja, yana joto la nyuzi 28 au 30. Kwa maji hayo kupoza tangi la 37 ni kazi bure, itabidi uweke mashine ya barafu na kulipa umeme. Tangi la 65 litapozwa na maji hayohayo, au hata na upepo wa kusi. Joto ambalo tumelilalamikia maisha yetu yote, na ambalo viwanda vingi hulihesabu kuwa gharama, kwa kazi hii haligeuki adui.

Kuna faida nyingine, ya rangi yenyewe. Buluu ya spirulina, ambayo Marekani iliiruhusu kwenye peremende mwaka 2013, hupauka ukiipasha moto. Mpishi hawezi kuitia kwenye kashata inayochemka. Lakini buluu ya aina hiyohiyo kutoka kwa Thermosynechococcus, kiumbe wa chemchemi za Beppu, Japani, huvumilia joto zaidi kwa kuwa mwenyewe anaishi humo. Haja ya rangi za namna hii inakua: Januari 2025 Marekani ilipiga marufuku rangi nyekundu nambari 3 kwenye chakula, na wenye viwanda vya peremende wanatafuta mbadala.

Kazi ina ugumu wake, na ugumu huo unanivutia. Mjapani Tairo Oshima alimpata Thermus thermophilus katika maji moto ya Mine, rasi ya Izu, na kumweleza mwaka 1974. Ni bakteria mwenye umanjano wake wa kuzaliwa, unaokaza ngozi yake isiyeyuke kwa joto, na ana tabia ya kuokota DNA iliyolala majini na kuifanya yake. Kwa fundi wa jeni, huyo ni mwanafunzi msikivu. Lakini jeni ya mzingefuri ukimpa, vimeng'enya vyake ni vya mti, vimezoea nyuzi 30 hivi, na kwenye nyuzi 65 vinaiva kama ute wa yai. Hata zana za kawaida zinashindwa. Ile jeli ya mwani wanayooteshea bakteria maabara hulegea na kukauka, wakatafuta jeli nyingine. Protini ya kinga, inayotumika kutambua bakteria aliyepokea jeni na asiyepokea, nayo iliungua. Ikabidi kwanza waizoeshe joto, kizazi baada ya kizazi, wakichagua zile zilizovumilia. Hapo ni kulisha, kunusa na kusubiri, na kutupa pipa lililokufa. Mkemia wa BASF hakuhitaji kungojea kitu kikue. Fundi wa Tokushima alihitaji, na fundi wa jeni anahitaji vilevile.

Basi nayarudia magadi. Bogoria, kaunti ya Baringo, ni ziwa la magadi tupu, ukali wake unakaribia ule wa pipa la nili, na ufukoni mwake, Loburu, maji hutoka ardhini yakikaribia kuchemka. Heroe hukusanyika pale kula spirulina, na kutokana na chakula hicho hupata uwaridi wao. Ndege mzima ametiwa rangi na vijidudu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli katika maziwa yetu ya magadi mapema miaka ya 1990. Kutoka kwa bakteria wa huko kampuni ya Marekani, Genencor, ilipata kimeng'enya cha kula nyuzi za juu za pamba. Kikatiwa kwenye sabuni, na kikatumika kupausha suruali za jinzi zionekane kuukuu. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, likadai hadharani kwamba nchi haikupewa sehemu yake. Upande wa pili ukashikilia kwamba vibali vilikuwepo.

Tazameni mzunguko huo. Bakteria wa magadi wa Japani huiingiza nili kwenye uzi. Bakteria wa magadi wa Kenya huitoa. Na jinzi yenyewe? Viwanda vya nguo vya eneo huru la biashara Changamwe na viungani mwake vimekuwa vikishona nguo za kwenda Marekani tangu sheria ya AGOA ya 2000. Jirani yangu wa zamani, Mikindani, alikuwa akishona mifuko ya jinzi. Alirudi jioni ncha za vidole zina samawati, na watoto walimcheka kwamba ametoka kuiba wino. Suruali zikivaliwa na kuchoshwa huko, baadhi hurudi kwetu katika marobota ya mitumba, ukazikuta Kongowea zimetundikwa, zimepauka magotini. Mchuuzi atakwambia kupauka huko ndiko kunakoongeza bei. Hatujui ni ipi kati ya hizo iliyopaushwa na mtoto wa magadi yetu. Lakini inawezekana mwanamke wa Changamwe ameishona, mdudu wa magadi yetu ameipausha, na kijana wa Kisauni ameinunua, na sehemu ndogo kabisa ya faida ndiyo iliyokanyaga ardhi ya Kenya.

Wamarekani wenyewe walionja jambo hilo. Mwaka 1966 Thomas Brock alimpata Thermus aquaticus katika maji moto ya Yellowstone. Kimeng'enya chake ndicho kilichofanya kipimo cha PCR kiwezekane kwa wepesi, kile ambacho kwacho sampuli za korona za pwani zilipimwa mwaka 2020 katika maabara ya KEMRI, Kilifi. Mwaka 1991 kampuni ya Roche ilinunua hataza za PCR kwa dola milioni 300. Hifadhi ya Yellowstone haikupata hata senti. Hata hivyo Yellowstone ilikuwa na serikali ya Marekani nyuma yake. Waendorois, wenyeji wa Bogoria, waliondolewa kando ya ziwa lao miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama, na ilibidi waende mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoamua kesi kwa upande wao mwaka 2009. Watafiti walipokuja na chupa zao, watu waliojua chemchemi ipi inatibu vidonda na ipi haikaribiwi walikuwa wameshafukuzwa.

Leo sheria zipo. Kanuni za 2006 za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinataka kibali na mgao wa faida, Itifaki ya Nagoya ilianza kufanya kazi Oktoba 2014 na Kenya imo, na mamlaka ya usalama wa viumbe walioguswa jeni iliundwa kwa sheria ya 2009. KWS yenyewe iliingia mkataba na kampuni ya Novozymes mwaka 2007. Tunao pia wataalamu wetu: Hamadi Iddi Boga, mwana wa Kwale, ni bingwa wa vijidudu aliyefundisha chuo kikuu cha JKUAT, na pamoja na wanafunzi wake amechunguza bakteria wa maziwa ya magadi ya Kenya. Kwa hiyo kusema kwamba hatuna wa kufanya kazi hii si kweli. Kinachokosekana ni tangi. Sampuli tunazo, ujuzi tunao kiasi, na mitaa ya viwanda Changamwe ina maghala yaliyofungwa kufuli. Hatua ya katikati, ile ya kutoka kwenye chupa ya maabara hadi kwenye pipa la lita elfu, ndiyo inayofanyika kwingine kila mara. Na ni hatua hiyo inayoamua rangi itakuwa ya nani.

Kama kazi ya jeni ingefanana na ile ya Baeyer, ningesema tumechelewa, tuendelee kununua pakiti. Lakini inafanana na pipa la nili. Ina kiumbe hai anayetaka kulishwa, ana kwao, na kwao kuna wenyeji. Anapenda joto, nasi tunalo. Anakula sukari na wanga, navyo si vya kuagiza ng'ambo. Mkulima wa biksa anaweza kuwa na hisa katika jeni za mti wake kabla hazijawa mali ya mtu asiyewahi kupasua kitumba. Mambo haya yaandikwe mwanzoni, kabla ya sampuli ya kwanza kuondoka, kwa Kiswahili na Kidigo na Kiendorois, mbele ya wazee na vijana, na yeyote asiyekubali aruhusiwe kusema hapana.

Mwezi uliopita shangazi alinituma mdaa. Amechoka na pakiti, asema, anataka kushona mkeka mmoja wa kumwachia mjukuu. Nilizunguka Mtongwe asubuhi nzima. Mahali alipokuwa akichimba yeye na mamake pamejengwa nyumba za kupanga. Nikashuka kuelekea Shika Adabu nikiuliza watu wazima, maana vijana walidhani nauliza dawa ya meno. Mwisho mzee mmoja akanielekeza kwenye ua wa makuti, na nyuma yake, katikati ya vichaka, palikuwa na mdaa umesimama, majani magumu ya kijani kibichi.

Mwenye kiwanja alitoka na birika mkononi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu na ya shangazi. Akautazama mti kama aliyeuona kwa mara ya kwanza.

"Chimba upande huu," akasema, "upande ule uuache uishi. Lakini mkeka ukimalizika, mwambie shangazi yako kuwa wa pili ni wangu."

Nikampelekea shangazi mizizi na maneno hayo. Alikuwa ameshawasha moto. Aliikata mizizi vipande, akaitia kinuni, akatwanga mara mbili tatu, kisha akainua kichwa.

"Mrudie leo leo," akaniambia, "umuulize ataka wa futi ngapi."